Baba wa Kwenye Daftari

Daftari lilikuwa juu ya meza ya kazi, kati ya kompresa mbovu na kopo la skrubu, na Fundi angelipita tu kama si kikaratasi kilichobanwa kwenye jalada: Mzazi asome, atie saini. Mambo ya saini kwa kawaida yalikuwa ya mkewe. Lakini ilikuwa Jumamosi, na mkewe alikuwa zamu hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, ambako mashuka ya wagonjwa hayajui wikendi.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Friji za watu zilisimama humo ukutani kama wagonjwa kwenye foleni, milango wazi, matumbo nje. Watu wote walimwita Fundi: wateja, majirani, hata mkewe, aliyeanza kumwita hivyo tangu siku alipomletea friji ya mama yake irekebishwe, kabla ya mambo ya posa. Binti yao alijifunza kuongea humo humo karakanani, akitambaa katikati ya waya, na neno la kwanza kulitamka likaeleweka lilikuwa "Fundi." Watu walicheka mpaka machozi, Fundi mwenyewe akavimba kichwa kwa fahari. Sasa mtoto alikuwa na miaka minane na bado alimwita hivyo hivyo. Wao walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

Alifuta mikono, akafungua daftari.

FAMILIA YETU, kilisema kichwa cha insha kwa herufi kubwa zilizopanda mlima. Kisha: "Mimi nina mama na baba. Mama anafua mashuka. Nikitoka shule Baba ananipa maji na kunivua viatu. Baba anapika maharage matamu kuliko ya watu wote. Tukimaliza kula Baba anaosha vyombo na mimi nafuta. Baba akikata vitunguu analia halafu anasema mwanamume halii, ni vitunguu. Siku moja Baba alinisuka nywele, mistari ikapinda, Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mama akija amechoka Baba anamwambia kaa kwanza. Nampenda Baba. Pia yuko Fundi. Fundi anatengeneza friji. Fundi hapendi kelele."

Chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Vizuri sana! Una baba wa kupigiwa mfano."

Fundi alisoma mara ya pili. Mara ya tatu alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anayetafuta mahali waya ulipokatikia. Yeye hajaosha hata kikombe tangu aoe. Hajawahi kusuka nywele za mtu. Maharage aliyajua yakiwa sahanini tu.

"Chiriku!"

"Naam, Fundi!" Mtoto aliingia mbio, magoti yana vumbi.

"Hii umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo. Nimepata nane. Aliyepata tisa ameandika kuhusu ng'ombe."

"Huyu Baba hapa," Fundi akagusa karatasi, "ni nani?"

Mdomo usio na breki ukafunga breki. Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu, akavihesabu.

"Ni Baba tu."

"Baba gani?"

"Mama alisema nisiseme."

Moyo ulimdunda Fundi kama kompresa inayogoma kuwaka. Alitaka kuuliza tena. Lakini ukishauliza utajibiwa, na jibu hilo hakujua angeliweka wapi. Akasikia sauti yake ikisema, "Haya, kacheze."

"Utie saini kwanza," Chiriku akasema. "Mwalimu atanifinya."

Akatia saini. Jina lake, kwa mkono wake mwenyewe, chini kabisa ya sifa za mwanamume mwingine.

*

Mtu akishaanza kushuku, nyumba yake mwenyewe inageuka kituo cha polisi. Jioni ile mkewe aliporudi, Fundi alimtazama kuanzia viatu. Havikuwa na vumbi la kutosha kwa mtu aliyetoka mbali. Uso wake haukuwa wa mtu aliyesimama saa kumi mbele ya mashine zinazochemka. Alikuwa akiimba kwa pua. Na mkononi alikuwa na bakuli lenye mfuniko wa buluu.

Lile bakuli! Lilikuwa likiingia na kutoka humo ndani mwaka na zaidi, na Fundi alikuwa akila kilichomo bila hata kuinua macho. Leo aliliangalia kama aliyeona nyoka kabatini. Ndani yake mlikuwa na maharage.

"Mbona huli?" mkewe akauliza.

"Nakula."

"Juzi ulilamba mpaka kijiko. Unaumwa?"

Ni kweli alilamba. Si juzi tu. Alikuwa akiyasifu maharage hayo mbele ya wateja. Hakuwahi kujiuliza hata siku moja mtu anayefua mashuka tangu alfajiri hupata wapi saa mbili za kuchemsha maharage. Alipeleka kijiko mdomoni. Yalikuwa matamu kama kawaida, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Jumapili alivumilia. Jumatatu asubuhi akashindwa, akamwaga yote kwa jirani yake, fundi wa vioo, ambaye watu walimwita Kioo na ambaye hakuwahi kutunza siri zaidi ya muda wa kunywa chai. Fundi alijua hivyo, lakini moyo ukijaa huchagui chombo cha kumwagia.

Kioo alisikiliza akiwa ameshika kikata vioo hewani.

"Anaosha vyombo?" akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na anafuta jiko?"

"Jiko halikutajwa."

Kioo akatikisa kichwa polepole, kama daktari mwenye habari mbaya. "Ndugu yangu, hapo pagumu. Angekuwa tajiri, ungesema atafilisika. Angekuwa mzuri wa sura, ungesema atazeeka. Lakini mwanamume anayeosha vyombo? Huyo unamshinda kwa lipi?"

"Sijaja unicheke."

"Sicheki. Mtoto anashinda wapi akitoka shule?"

"Kwa Mama Cherehani."

"Una hakika?"

Fundi alikuwa na hakika kwa sababu aliambiwa, na aliambiwa zamani.

Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo mwenye kibanda mtaa wa tatu, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni siku zote. Fundi alipitia kwake mchana ule akijifanya anaulizia friji yake inaendeleaje. Friji ilikuwa nzima. Maneno yakaisha. Ikabidi aulize.

"Chiriku?" Mama Cherehani akatema pini kiganjani. "Huyo mtoto hajakanyaga hapa huu mwaka wa pili. Kibanda changu kilipofurika vitambaa nilimwambia mkeo atafute mahali pengine. Kwani hujui?"

"Najua," Fundi akasema haraka. "Nilikuwa nauliza tu."

Yule mama alimtazama, na ndani ya macho yake Fundi aliona kitu alichokichukia kuliko kicheko cha Kioo. Huruma.

Siku ya pili yake, jioni, akamtega mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mahali ambapo si kawaida yake kusimama, na mkewe alikuwa akipanga sahani.

"Mtoto anashinda wapi siku hizi?"

Mikono ya mkewe ilisimama, ikaendelea.

"Umeanza lini kuuliza?"

"Nauliza leo."

"Kwa Mama Cherehani. Kama siku zote."

Alisema bila kupepesa macho. Pembeni Chiriku aliinamisha kichwa kwenye kikombe chake cha maziwa mpaka pua ikazama. Fundi alirudi karakanani, akakaa kwenye kreti, akashika bisibisi bila kuwa na kitu cha kufungua.

*

Jumatano saa kumi kasoro alikuwa amesimama ng'ambo ya lango la hospitali, nyuma ya kibanda cha vocha, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mwenye kibanda alimuuliza mara mbili kama anataka kununua kitu. Akanunua biskuti asizozihitaji.

Mkewe alitoka na mwenzake, wamechoka, wanacheka. Wakaagana. Mwenzake akaelekea kulia, kwenye barabara ya kuja nyumbani. Mkewe akaelekea kushoto.

Fundi akafuata.

Alimfuata kwa umbali wa nguzo tatu za umeme. Mkewe akasimama kwa muuza machungwa, akayachagua moja moja, akayabinya, akayanusa. Fundi alisimama nyuma ya lori akatazama. Yeye hakuwahi kuletewa chungwa lililonuswa. Wakapita daraja la miguu, wakapita kiwanda cha mbao, na walipofika kona ya duka la rangi, miguu ya Fundi ikaanza kujua njia kabla ya kichwa chake. Hapa kulikuwa na mtaro aliowahi kuvunjia jino. Pale kulikuwa na ukuta aliouchora kwa mkaa na wenzake. Ulikuwa mtaa alikozaliwa.

Shaka yake sasa ikapata uso. Kwenye mtaa huo aliishi mwashi mmoja, mrefu, mwenye meno ya kutangaza dawa ya mswaki, ambaye alimposa mke wa Fundi mwaka ule ule Fundi mwenyewe alipomposa. Kumbe! Fundi akakunja ngumi. Biskuti zikavunjika mfukoni.

Mkewe akaifikia nyumba ya mwashi. Akaipita.

Akapita nyumba ya pili, ya tatu, akasukuma geti la kijani lililofifia rangi, akaingia kama mtu anayeingia kwake. Fundi akabaki katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akampigia kengele.

Ilikuwa nyumba ya baba yake.

Miaka minne alikuwa hajatia mguu pale. Baba yake alikuwa mnyapara wa kiwanda cha saruji, mtu wa sauti moja kazini na nyumbani. Fundi alipokuwa na miaka tisa, mama yake akiwa na homa, alishika mwiko kumsaidia kukoroga. Baba akauchukua mwiko, akampiga nao kwenye vifundo vya vidole, kisha akamtoa nje mbele ya wenzake waliokuwa wakicheza mpira. "Mtazameni," alisema. "Huyu nilidhani nimezaa mvulana." Vifundo vilipona upesi. Jikoni hakurudi tena, si pale, si kwake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye mama aliugua moyo. Mwezi mmoja kabla hajafa, Fundi alikwenda kumtazama, akamkuta amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika ukuta ili asianguke, mwingine unakoroga, na sebuleni baba ameketi na gazeti, anasubiri. Siku ya mazishi Fundi alisimama mbele ya watu akasema, "Umemuua kwa njaa yako." Akaapa asionane naye tena. Baba hakujibu kitu. Tangu siku hiyo, nyumbani kwa Fundi mzee yule hakutajwa.

Sasa alizunguka nyuma. Mlango wa uani ulikuwa na komeo linalofunguka ukiinua kidogo na kusukuma kwa bega. Aliinua, akasukuma. Sauti za jikoni zikamfikia kabla ya watu.

"Baba, sahani hii ina ufa." Hiyo ilikuwa sauti ya Chiriku.

"Ilikuwa na ufa kabla hujazaliwa. Futa taratibu."

"Baba, leo umezidisha chumvi." Hiyo ya mkewe. "Ila si mbaya."

Mkewe! Mkewe alimwita mzee yule Baba, kama mke yeyote anavyomwita baba wa mumewe. Na mtoto, aliyemkuta mama yake akiita hivyo kila siku, aliita hivyo hivyo. Fundi alisimama uani, mkono kwenye ukuta, na kwa muda mfupi akahisi mzigo wa siku tano unamshuka mabegani. Hapakuwa na mwanamume. Halafu akasogea hatua moja, akaona, na mzigo mwingine ukampanda.

Mkewe alikuwa ameketi, viatu amevua, miguu juu ya kigoda. Chiriku alikuwa na kitambaa na sahani. Na baba yake, mnyapara, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, taulo begani, alikuwa akimmiminia mkwewe chai.

Birika likatua. Wote wakamwona kwa pamoja.

"Fundi," Chiriku akasema, sauti ndogo. "Sikusema mimi."

Maharage yakaendelea kuchemka jikoni, hayana habari.

"Kwa hiyo unajua," Fundi akasema. Alikuwa akimtazama baba yake tu. "Kukoroga unajua. Kuosha unajua. Chai unamimina."

"Nimejifunza," baba akasema.

"Umejifunza! Mama alikufa ameshika ukuta, wewe umeshika gazeti, leo ndiyo umejifunza? Kwa nani? Kwa faida ya nani?"

Mzee alitoa taulo begani, akalikunja mara mbili, akalikunjua. Mikono yake ilikuwa imezeeka kuliko uso wake.

"Keti," akasema.

"Siketi nyumbani kwako."

"Basi simama. Unalosema ni kweli. Sina la kubishia."

Fundi alikuwa amejiandaa miaka minne kwa ubishi. Kukosa ubishi kukamwacha hewani, kama mtu aliyepanda ngazi akidhani kuna kidato kimoja zaidi. Akamgeukia mkewe, maana huko angalau kulikuwa na kosa la kushika.

"Na wewe unanidanganya usoni. Kwa Mama Cherehani! Unamfundisha mtoto wangu kuficha!"

Mkewe alishusha miguu, akavaa viatu, kimoja kimoja, bila haraka.

"La mtoto ni kosa langu," akasema. "Hilo nalibeba. Lakini hayo mengine tusaidiane. Mama Cherehani aliponiambia nafasi imeisha, nilikuja kwako. Ulikuwa umelala chini ya friji ya mchinjaji. Nikakuomba umchukue mtoto shule saa nane, umbali wa dakika kumi na tano. Ulinijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Hukutoa hata kichwa nje. Ulisema, kwani mimi yaya?"

Fundi akatazama pembeni.

"Siku hiyo niliomba ruhusa kazini. Ya pili nikaomba. Ya tatu wakaniambia nichague, mtoto au kazi. Nilikuwa napita hapa mtaani nikilia, Baba akaniona getini. Hakuuliza kitu. Alisema tu, mlete. Sufuria lake lilikuwa limeungua, jiko lote moshi. Mwaka mmoja na nusu, Fundi. Mwaka mmoja na nusu mtoto anarudi nyumbani ameshiba, amefanya kazi zake za shule, na wewe hujauliza hata siku moja alikuwa wapi. Sikukuficha kwa ujanja. Ilitosha kunyamaza tu."

Fundi alitaka kusema neno la kukata mzizi wa fitina. Lililotoka lilikuwa dogo. "Kuanzia kesho nitamchukua mwenyewe."

"Sawa," mkewe akasema.

Alikubali upesi mno. Njia nzima ya kurudi nyumbani Fundi aliigeuza "sawa" ile huku na huku, akitafuta mtego ndani yake.

*

Mtego ulikuwa kwenye geti la shule, umevaa sare na umeshika rungu.

Alikuwa mlinzi wa kike, mwembamba, wa makamo, na mbele yake kulikuwa na daftari kubwa na foleni ya akina mama. Fundi alikuwa mwanamume pekee kwenye foleni. Alikuwa amefunga karakana na kumwacha mteja akilalamika mlangoni, na alikuwa bado na grisi kwenye kucha. Wanawake waliokuwa mbele yake waligeuka mmoja mmoja, wakamtazama, wakawavuta watoto wao karibu.

"Unamtaka nani?" mlinzi akauliza.

"Binti yangu." Akataja darasa.

Mlinzi alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Hapa kuna mama yake. Na kuna mzee wake, anayekuja kila siku. Wewe humo."

"Mimi ndiye baba."

"Kila mwenye nia yake husema hivyo."

Damu ilimpanda Fundi usoni. Nyuma yake mtu alikohoa. "Mwite mtoto mwenyewe," akasema. "Muulize."

Chiriku akaletwa, begi mgongoni, soksi moja imeshuka.

"Unamjua huyu?" mlinzi akamuuliza.

"Ndiyo."

"Ni nani?"

"Ni Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa friji," Chiriku akasema, akiwa amefurahi kujua jibu.

Akina mama wakaguna. Mlinzi alimwekea mtoto mkono begani, akamrudisha nyuma ya geti, akafunga komeo.

"Bwana, kaa pale kando. Nampigia mama yake."

Simu ya mama yake iliita mpaka ikakatika. Fundi alijua ilipo: ndani ya kabati la chuma, na mwenyewe akiwa kwenye kelele za mashine. Mlinzi akapiga tena. Watoto wakaisha mmoja mmoja. Chiriku alikaa kwenye ngazi, akimtazama baba yake katikati ya vyuma vya geti, na Fundi alijaribu kutabasamu, akagundua kuwa hajui hata mtoto huyu hupenda kuulizwa nini akitoka darasani.

"Basi nitampigia mzee," mlinzi akasema. "Au unayo namba yake wewe?"

Hakuwa nayo. Baba yake mzazi, mtaa mmoja mbele ya kiwanda cha mbao, na mlinzi wa shule ndiye aliyekuwa na namba yake.

Mzee alifika baada ya dakika ishirini, kandambili miguuni, anahema. Alikuwa ametoka bila kubadili shati. Hakumtazama Fundi. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyuma vya geti. "Hajambo? Amekunywa maji?"

"Hajambo, mzee. Ila kuna huyu hapa." Mlinzi akanyoosha rungu. "Anasema mtoto ni wake. Unamjua?"

Ndipo mzee akageuka. Akamtazama Fundi, kofia, grisi, mikono inayoning'inia. Fundi alijua kabisa kwamba mtu yule, akitaka, angeweza kulipiza mazishi yote pale pale, mbele ya watu, kama alivyowahi kumtoa nje mbele ya wenzake. Neno moja lingetosha.

"Namjua," mzee akasema. "Ni mwanangu. Mwandike."

*

Walitembea watatu, mtoto katikati, na Chiriku aliongea kwa niaba ya wote. Hawakuelekea kwa Fundi. Hakuna aliyesema waelekee wapi. Mtoto alikata kona na wao wakafuata. Jikoni maharage yalikuwa yameiva nusu, mzee alikuwa ameyaacha mbio. Akawasha moto, akampa mtoto maji, akamvua viatu. Fundi alisimama karibu na mlango.

"Wiki tatu za mwisho," mzee akasema, akiwa amempa mgongo, "mama yako hakuweza kusimama tena. Alilala chumba kile, mlango wazi, akiniamrisha kutoka kitandani. Kata hivi. Punguza moto. Nilikuwa naunguza, yeye anacheka, halafu anakosa pumzi. Akasema nisikwambie. Alisema utaona aibu kwa ajili yangu."

Fundi alikumbuka siku mbili tatu za wiki zile. Alikuja, akakuta sahani ya chakula kando ya kitanda, akadhani ni ya jirani. Hakuuliza nani amepika. Lakini pia alimjua baba yake, na alijua kwamba shahidi pekee wa habari ile alikuwa kaburini. Mzee mwenye hatia na mkwe mwenye huruma wangeweza kutunga zaidi ya hapo.

"Alikwambia chumvi unatia lini?" akauliza. Sauti yake ilitoka kama ya mpelelezi.

"Mwisho. Yakishalainika. Ukitia mapema yanagoma."

Yanagoma. Hilo lilikuwa neno la mama yake hasa, alilisikia akiwa na miaka tisa, mwiko mkononi. Lakini mtu anaweza kulisikia neno hilo kwa miaka arobaini akiwa kitini na gazeti lake, bila kuinuka hata siku moja. Fundi aligeuza lile jibu huku na huku kama alivyogeuza ile "sawa," asipate mahali pa kulifungulia.

Mkewe alifika saa kumi na nusu. Alisimama mlangoni na machungwa yake, akawatazama mmoja baada ya mwingine kwa macho ya mtu aliyekuta mbwa na paka kwenye mkeka mmoja.

"Mmepatana?" akauliza.

"Hapana," mzee akasema.

"Bado," Fundi akasema.

"Fundi alinyimwa mimi getini!" Chiriku akapasua. "Mlinzi alimwekea rungu!"

Mkewe alimgeukia mumewe, akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Na Fundi, aliyetaka kukasirika, akajikuta anamuuliza jambo lililomkaa kooni tangu Jumatano. "Haya machungwa unamnunulia nani?"

"Mimi mwenyewe," mkewe akasema, akifuta macho. "Nakula moja njiani, mengine mawili hapa. Una swali lingine?"

Alikuwa nayo mengi. Kuanzia wiki ile alimchukua mtoto Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine zikawa za mzee, na Kioo alimtania mpaka akachoka. Vyombo aliviosha vibaya, mkewe akaviosha tena. Yeye na baba yake hawakuzungumza mengi. Waligusia friji, waligusia mvua, na kila Fundi alipokaribia habari ya zile wiki tatu za mama yake aliuliza swali moja dogo, akalisikiliza jibu kwa makini, akaenda nalo nyumbani kulipima.

Mkewe alijua anachofanya. Hakumkataza.